Kiraka cha modemu: namna ya kukituma kwa barua pepe hadi kiingie kwenye Linux

Unachomeka modemu ya 4G kwenye mashine ya Linux, `lsusb` inaiona, lakini `/dev/ttyUSB0`, mlango wa kuzungumza nayo, haitokei. Kwa sisi tunaofunga intaneti kwenye maduka ya dawa na vituo vya mafuta huku Mwanza, hilo si jambo geni. Kifaa ni kipya, chipu iliyo ndani ni ile ile ya siku zote, ila namba zake za utambulisho hazimo kwenye draiva. Dawa yake mara nyingi ni mstari mmoja tu katika faili la `drivers/usb/serial/option.c`. Mafundi wengi huuongeza kwenye mashine ya mteja, wanalipwa, wanaondoka. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikisasishwa mstari umepotea na simu inaita.

Mstari huo upeleke kwenye kerneli yenyewe. Ukishaingia kule, kila mwenye modemu kama yako, awe Kigoma au Brazili, anachomeka na inafanya kazi. Ila kerneli ya Linux haipokei kazi kwa kubonyeza kitufe kwenye tovuti. Nakala ya msimbo ipo GitHub, ni kweli, lakini ombi ukilifungua pale halimfikii anayehusika. Viraka (patch), yaani mafaili yanayoonyesha mistari gani ya msimbo imebadilika, hupita kwa barua pepe. Git yenyewe, Linus Torvalds alipoiandika mwaka 2005, aliiandikia kazi hii ya kerneli, ndiyo maana amri za kutuma na kupokea viraka kwa barua zimo ndani yake mpaka leo. Miradi mingine kama QEMU, U-Boot na Git yenyewe hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo ukijifunza hapa hutajifunza upya kule.

Nitafuata kiraka hicho cha modemu mwanzo hadi mwisho. Ni kidogo, na sheria za kerneli zinakipenda: hata matawi ya matoleo ya kudumu (stable), ambayo hukataa mambo mengi, yanakubali kwa maandishi kiraka cha kuongeza namba ya kifaa.

Kwanza hakikisha una haki ya kukiandika

Usiandike chochote kabla hujaona modemu ikifanya kazi. Draiva ya option (jina limebaki tangu kadi za kampuni ya Option, mwaka 2005) inaruhusu kupewa namba mpya bila kujenga kerneli:

```
sudo modprobe option
echo 1234 abcd | sudo tee /sys/bus/usb-serial/drivers/option1/new_id
```

Weka namba za modemu yako badala ya hizo. Kama kifaa bado kinajionyesha kama sidii, kazi ya `usb_modeswitch`, programu inayokigeuza kutoka sidii kuwa modemu, haijafanyika. Anza na hiyo. Milango ya ttyUSB ikitokea, fungua mmoja mmoja kwa `picocom`, andika AT, uone upi unajibu OK. Halafu endesha `usb-devices` na uhifadhi kipande kinachohusu modemu hiyo. Utakihitaji.

Sasa jambo ambalo wageni hulipita haraka: modemu moja ina violesura (interface) kadhaa, na si vyote ni vya draiva hii. Kimoja ni cha amri za AT, kingine cha uchunguzi, kingine kinatoa habari za GPS, na kimoja pengine ni QMI, yaani njia ya mtandao wenyewe, ambayo ni mali ya draiva ya `qmi_wwan`. Kukiwa na ADB, njia ya Android ya kuchunguza kifaa, hicho nacho si chetu. Vile visivyo vyetu vinatengwa kwa `RSVD`:

```
{ USB_DEVICE(0x1234, 0xabcd), .driver_info = RSVD(4) },
```

Msimamizi (maintainer), yaani anayepokea viraka vya sehemu hiyo ya kerneli, atakuuliza kila kiolesura ni cha nini. Kama huna jibu, hujawa tayari. Kampuni nyingi za modemu hutoa PDF yenye maelekezo ya kubadilisha kerneli. Isome kwa ajili ya kujua violesura, lakini usinakili msimbo wake. Mara nyingi umeandikwa kwa kerneli ya zamani, na hujui una ruhusa gani.

Msimbo kwa bando letu

Hifadhi nzima ya kerneli ni gigabaiti kadhaa, na `git clone` ikikatika katikati inaanza upya. Umeme ukikatika saa mbili usiku, bando limekwenda. Kernel.org wameliona tatizo hilo: wana faili moja, `clone.bundle`, unalolishusha kwa `wget -c`, na likikatika linaendelea pale lilipoishia. Likikamilika:

```
git clone clone.bundle linux
```

Kisha unaelekeza `origin` kwenye anwani halisi kwa `git remote set-url`, na `git pull` inaleta yaliyobaki. Wapo watakaokushauri utumie `--depth=1` uokoe data. Utaokoa, lakini utapoteza historia, na historia ndiyo mwalimu wako. Endesha hii:

```
git log --oneline drivers/usb/serial/option.c
```

Hapo utaona jinsi waliokutangulia walivyoandika vichwa vyao, mmoja baada ya mwingine: `USB: serial: option: add` kisha jina la modemu. Kila sehemu ya kerneli ina desturi yake ya kichwa, na hakuna mahali imeandikwa vizuri kuliko kwenye historia hiyo. Fungua mitatu minne kwa `git show`, usome kwa utulivu.

Maelezo, na salamu ziende wapi

Sisi hatuanzi jambo bila salamu. Kwenye kiraka salamu zina hatari yake, na si kwa sababu wazungu hawazipendi. Msimamizi akipokea barua yako anaipitisha kwenye amri ya `git am`. Amri hiyo inachukua kichwa cha barua na kila kitu kilicho juu ya mstari wa `---`, inavifanya kuwa maelezo ya kudumu ya badiliko. Ukiandika pale juu kwamba unatumaini hajambo na unaomba akusamehe kwa usumbufu, ama ataifuta kwa mkono, na hana muda huo, ama itaingia kwenye historia ya Linux pamoja na jina lako.

Kilicho kati ya `---` na msimbo uliobadilishwa git inakitupa. Huko ndiko kwa salamu, kwa kueleza kwamba hiki ni kiraka chako cha kwanza, na kwa habari zozote za mazungumzo. Juu weka yale tu ambayo mtu atayahitaji miaka kumi ijayo akijiuliza mstari huu uliwekwa kwa nini. Mfano:

```
USB: serial: option: add Mfano X100

Add support for the Mfano X100 LTE modem.

0: diag, 1: NMEA, 2: AT, 3: modem, 4: QMI

(hapa kipande cha usb-devices)

Cc: stable@vger.kernel.org
Signed-off-by: Jina Lako <wewe@example.com>
---
Tested on Debian 12 with the AT port and pppd.
```

Kiingereza chako kisikutie hofu. Wanaosoma wametoka Uswidi, Japani, India, Ujerumani. Wengi wao nao hawakuzaliwa nacho. Sentensi fupi zinatosha. Kitenzi kiwe cha kuamuru, yaani ongeza, ondoa, rekebisha, usisimulie kwamba umeongeza. Kichwa kisizidi herufi 70 hadi 75, na mistari ya maelezo ikatwe kwenye herufi 75, isipokuwa matokeo ya amri kama `usb-devices`, ambayo yanaachwa yalivyo.

Kabla hujabandika matokeo hayo, tazama mstari wa SerialNumber. Modemu nyingine huweka hapo namba ya uongo, nyingine huweka IMEI ya kweli. Barua hizi zinahifadhiwa hadharani moja kwa moja, na hakuna wa kumwomba azifute. IMEI ya mteja wako haina biashara huko, iondoe. Kwa sababu hiyo hiyo mimi nashauri ufungue anwani ya barua pepe ya kazi hii peke yake.

Mstari wa Signed-off-by unawekwa na `git commit -s`. Huo ni kiapo. Ulianza mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kwenda mahakamani ikidai msimbo wake umeingizwa kwenye Linux. Unapousaini unathibitisha kwamba kazi ni yako, au una ruhusa ya kuitoa chini ya leseni ya mradi. Kama umeifanya kwa saa za mwajiri, zungumza naye kwanza. Tumia jina unalojulikana nalo. Kama una majina matatu, chagua namna moja ya kuyaandika na ubaki nayo, kwa sababu `checkpatch.pl`, programu ya kerneli ya kukagua viraka, hulalamika jina la mtumaji likitofautiana na la sahihi.

Kutuma

Kwenye Debian na Ubuntu, `git send-email` haiji na git. Funga kifurushi cha `git-email`. Ukitumia Gmail, washa uthibitisho wa hatua mbili kisha utengeneze nywila ya programu, ile ya herufi 16, maana nywila ya kawaida haikubaliki huku. Weka hivi kwenye `~/.gitconfig`:

```
[sendemail]
    smtpServer = smtp.gmail.com
    smtpServerPort = 587
    smtpEncryption = tls
    smtpUser = wewe@gmail.com
```

Usibandike kiraka kwenye ukurasa wa Gmail, wala kwenye programu ya simu. Ukurasa ule hugeuza alama za Tab kuwa nafasi na hukata mistari mirefu, na kiraka kilichobadilika hata nafasi moja hakishiki. Barua ya HTML seva ya vger.kernel.org, inayobeba orodha za barua pepe za kerneli, inaikataa kabla binadamu hajaiona. Kiambatisho pia hapana: msimamizi anataka kubonyeza jibu na kuandika chini ya mstari anaoulalamikia, na kiambatisho kinamnyima hilo. Na kama barua za ofisini kwenu zinabandikwa mwishoni lile tangazo la kwamba ujumbe ni siri na asiyehusika aufute, tuma kwa anwani yako binafsi. Hakuna msimamizi anayeweza kuingiza kwenye mradi wa wazi kitu kilichoandikwa siri.

Mpangilio wenyewe ni huu:

```
git format-patch -1
./scripts/checkpatch.pl --strict 0001-*.patch
./scripts/get_maintainer.pl 0001-*.patch
git send-email --suppress-cc=all --to=wewe@gmail.com 0001-*.patch
```

Amri ya mwisho inakutumia wewe mwenyewe; bila `--suppress-cc=all` nakala ingekwenda pia kwa anwani ya stable iliyo kwenye Cc. Usiiruke. Ipokee barua, ishushe kama faili la .eml, fungua tawi jipya safi, ujaribu `git am` juu yake. Ikishika kwako, itashika na kwa msimamizi. Hiyo ndiyo hundi ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inapita njia ile ile atakayopita yeye.

`get_maintainer.pl` inasoma faili la MAINTAINERS na kukutajia wahusika. Kwa `option.c` utaona jina la Johan Hovold, anayesimamia sehemu ya USB serial, na orodha ya barua pepe ya linux-usb. Msimamizi mweke kwenye `--to`, orodha kwenye `--cc`. Usimwandikie Torvalds. Usiongeze pia majina ya watu maarufu ukidhani watakuharakishia.

Kuna mitandao ya ofisi na ya hoteli inayofunga mlango wa 587, ule wa kutumia barua. Njia nyepesi ni kuwasha data ya simu. Barua ya kiraka haifiki hata kilobaiti kumi. Njia nyingine ni `b4`, programu ya Konstantin Ryabitsev wa Linux Foundation, ambayo inaweza kupitisha viraka kwa HTTPS hadi kernel.org bila SMTP yoyote, yaani bila seva ya kutuma barua. Inataka uandikishe ufunguo wako mara moja tu. Kwa kiraka kimoja naona `git send-email` inatosha. Viraka vikiwa vingi na matoleo yakianza kuongezeka, `b4 prep` na `b4 send` vinakutunzia orodha ya wapokeaji na namba za matoleo, na hapo ina raha yake.

Modemu yako ikihitaji pia mstari kwenye `drivers/net/usb/qmi_wwan.c`, hicho ni kiraka cha pili, cha watu wengine kabisa. Usivifunge pamoja. Kinakwenda netdev, orodha ya watu wa mitandao, ambako kichwa lazima kitaje mti, yaani hifadhi ya msimbo kinakokwenda: `--subject-prefix="PATCH net"` kwa marekebisho na namba za vifaa, `net-next` kwa mambo mapya. Netdev ni wakali wa ratiba. Mti wa net-next hufungwa wakati Torvalds anapokea kazi za toleo jipya, na toleo la pili la kiraka halitumwi kabla saa 24 hazijapita tangu la kwanza.

Kungoja

Nenda lore.kernel.org, hifadhi ya barua za orodha hizi, utafute kichwa chako. Kikionekana, barua imefika, usiitume tena.

Kinachofuata huwa ni kimya. Toleo jipya la kerneli hutoka kila wiki tisa au kumi, na wiki mbili za mwanzo ni za kupokea kazi zilizokwisha kukusanywa. Katika wiki hizo mbili wasimamizi wengi hawagusi viraka vipya. Hati ya mradi inasema ungoje angalau wiki moja kabla ya kukumbusha, na wiki mbili au tatu bila jibu si ajabu. Ukumbusho ni jibu fupi juu ya barua yako ile ile, ukiuliza kwa upole kama kuna kinachohitajika. Kwa kuwa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya saa za dunia, na wengine wako California, jibu la swali lako la asubuhi pengine litakukuta umelala.

Anayeweza kukujibu haraka ni roboti, kama kernel test robot ya Intel, inayojenga viraka na kuripoti vilivyovunjika. Isome kama ungesoma ya mtu. Haina utani.

Jibu likija

Litakuja bila salamu. Mstari wako utanukuliwa, chini yake swali la maneno manne. Kwa malezi yetu linasomeka kama mtu aliyekasirika. Mara nyingi hajakasirika. Ana barua mia za namna hiyo na anajibu ya kwako, tena ameisoma hadi kiolesura namba nne. Kimya ndicho kingekuwa kibaya zaidi.

Jibu kwa kuwajumuisha wote waliokuwemo, usimfuate pembeni. Andika chini ya kila hoja, si juu ya barua nzima, na futa nukuu usizozihitaji. Kila hoja ipate jibu, hata kama ni kwamba umekubali na utarekebisha. Usipokubali, sema sababu na uonyeshe ushahidi: matokeo ya amri, ukurasa wa nyaraka. Unyenyekevu uliopitiliza nao unachosha. Kuomba radhi mara tatu hakujibu swali la kwa nini umetenga kiolesura cha nne. Na ule mstari wa kwamba barua imetumwa kwa simu ya aina fulani usikae mwisho wa barua.

Toleo la pili:

```
git commit --amend
git format-patch -v2 -1
```

Chini ya `---` andika nini kimebadilika tangu toleo la kwanza. Kama mtu amekupa Reviewed-by au Tested-by, yaani amethibitisha kwamba amekipitia au amekijaribu kiraka, na msimbo haujabadilika sana, mstari wake uubebe juu, karibu na sahihi yako. Kuupoteza ni kupoteza kazi yake. Tuma kama barua mpya, si kama jibu ndani ya mazungumzo ya zamani, isije ikafukiwa. Na usitume ndani ya saa ile ile uliyosahihishwa, kwa sababu mhakiki wa pili anaweza kuwa bado anasoma la kwanza.

Siku itakayokuja barua ya neno moja au mawili kwamba kimepokelewa, kazi yako imekwisha kwa upande wao. Baadaye, kama uliweka Cc ya stable, zitafuata barua za roboti kwamba kiraka kimeongezwa kwenye matawi ya kudumu. Hazihitaji kujibiwa.

Kwa upande wa mteja bado kidogo. `git describe --contains` pamoja na alama (hash) ya badiliko lako itakuambia limeingia toleo gani. Kwenye matawi ya kudumu alama ni nyingine, lakini maelezo huko hutaja alama ya asili, kwa hiyo tafuta kwa `git log --grep`. Debian 12 inafuata tawi la 6.1, likionekana humo, subiri kerneli hiyo ifike kwenye hazina ya Debian, sasisha mashine ya mteja, kisha ondoa ile amri ya `new_id` uliyokuwa umeiweka kwa muda kwenye udev, kanuni zinazoendeshwa kifaa kinapochomekwa.